Malipo Yasiyo na Jibu

Laini ya simu ilirudi Alhamisi asubuhi, na barua pepe zote zilizokuwa zimekwama huko nje zikaingia kwa mpigo mmoja. Nilikuwa nimeketi kwenye kijichumba cha nyuma ya duka, kati ya rafu ya misumari na mlango wa stoo, macho kwenye kompyuta. Mvua ilikuwa imezima simu za mtaa wetu tangu mwanzo wa wiki. Bosi alikuwa akipita kila mara kuuliza, "Bado?" nami najibu, "Bado," mpaka sote wawili tukalichoka neno hilo.

Hiyo ilikuwa Thika, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Duka lilikuwa la familia ya Kihindi iliyofanya biashara pale tangu enzi za babu yake bosi. Upande mmoja waliuza saruji, mabati na rangi. Upande wa pili unga, mchele, sukari na mafuta ya kupikia, yote kwa jumla. Mpwa wake bosi aliyekuwa Marekani ndiye aliyeleta wazo la intaneti. Wakenya walio huku, alisema kwa simu, wanataka kuwanunulia wazazi wao vitu, lakini wakituma pesa kwa mkono wa mtu hawana hakika zitafika. Tuwe na ukurasa. Mtu achague magunia na mabati akiwa hukohuko, alipe kwa kadi ya benki, nasi tupeleke mizigo hadi mlangoni kwao, Juja, Gatundu, Theta, popote gari letu linapofika. Mimi nilikuwa nimemaliza diploma ya kompyuta katika chuo kimoja pale mjini. Nikaajiriwa kuufanya ukurasa huo upokee malipo.

Kupokea malipo ya kadi hatukuweza peke yetu. Kulikuwa na kampuni Marekani iliyofanya kazi hiyo, na iliwapa waandishi wa programu kama mimi furushi la msimbo, yaani amri za kompyuta, ulioandikwa tayari. Furushi la namna hiyo huitwa maktaba. Mama yangu aliposikia kwamba kazini natumia maktaba alifurahi, akawaambia majirani zetu wa Majengo kwamba nimerudi kusoma. Sikumsahihisha. Maktaba yenyewe ilikaa kwenye seva, kompyuta tuliyoikodi ng'ambo. Mteja akibonyeza neno "Lipa", programu yangu iliikabidhi maktaba habari za kadi, nayo ikaenda kubisha hodi kwa kampuni ya malipo, ikauliza, ikarudi na jibu. Ndiyo au hapana.

Lakini kulikuwa na jibu la tatu. Maelezo ya kampuni yalilitaja kwa mstari mmoja tu, mwisho wa ukurasa: maktaba isipoelewa ilichojibiwa, itarudisha "haijulikani". Nilipousoma mstari huo, wakati bado naandika programu, nilimwendea bosi kaunta.

"Mteja akipata jibu hili tumwambieje?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mnene kidogo, na kalamu haikumtoka mkononi. "Hapo pesa zake zimetoka ama hazijatoka?"

"Hatujui."

"Basi asilipe mara ya pili, beti." Beti ni binti, ndivyo alivyowaita wasichana wote wa dukani. "Akikatwa mara mbili ataniita mwizi. Mwambie angoje. Na mzigo pia ungoje. Bila ndiyo, gari halitoki."

Nikaandika hivyo. Ukurasa ungemwambia mteja kwamba malipo hayajathibitishwa, asijaribu tena, tutawasiliana naye. Miezi ikapita, sikuwahi kuliona jibu hilo likitokea.

Alhamisi ile nikaliona. Barua ya mwisho kuingia ilikuwa agizo la mwanamke mmoja aliyekuwa Marekani. Alikuwa ameagiza saruji, turubai kubwa, mchele, unga, sukari, majani ya chai na mafuta ya kupikia. Mahali pa kupeleka: Theta, nyuma ya kanisa, uliza mtu yeyote. Chini, kwenye nafasi ya ujumbe, aliandika: *Tafadhali vifike Alhamisi. Mama yetu anazikwa Ijumaa. Saruji ni ya kaburi.* Na chini ya hapo, kwa herufi kubwa ambazo mimi mwenyewe niliziandika miezi mingi nyuma: HAIJULIKANI.

Nikarudi kwenye zile barua nyingine, nikafungua moja moja, mpaka nikaipata ya kampuni ya malipo. Walitangaza kwamba wamebadilisha namna mitambo yao inavyojibu. Matoleo ya zamani ya maktaba yangeendelea kutuma maombi, lakini yasingeweza kusoma majibu. Wateja wote wachukue toleo jipya. Barua ilikuwa imetumwa siku ambayo simu zetu zilikufa.

Kwa hiyo ombi la yule mwanamke lilikuwa limefika. Jibu lilikuwa limerudi pia, kwa mwandiko ambao maktaba yetu haikuujua. Pengine lilisema ndiyo. Pengine lilisema hapana. Hakuna aliyejua, si mimi, si yeye.

Nikasikia mtu akizungumza kwa sauti kaunta. Nikatoka.

Alikuwa mwanamume wa makamo, koti jeusi, gambuti zimeganda udongo mpaka magotini. Alikuwa amevua kofia na kuishika kifuani. "Nimetumwa kuulizia vitu vya matanga," alikuwa akimwambia bosi. "Dada yangu amelipa kutoka Amerika. Alitupigia jana kwa jirani, akasema usiku huohuo analipa kwenu."

Bosi akageuka kunitazama. Nilitikisa kichwa kidogo, nikamwita pembeni, nikamweleza. Alinisikiliza bila kukatiza, halafu akarudi kaunta.

"Pole sana kwa msiba," alimwambia yule mtu. "Agizo tumeliona. Malipo hayajathibitishwa."

"Hayajathibitishwa ni nini?"

"Hatujui kama yameingia."

"Dada yangu amesema amelipa."

"Sisemi hajalipa."

"Unasema nini sasa?" Sauti ilipanda. Wateja wawili waliokuwa wakipimiwa misumari wakageuka. "Unamwita dada yangu mwongo? Maitu yuko mochari. Kaburi limechimbwa jana na ukuta wake unamomonyoka na maji. Tunataka saruji leo, simiti ikauke hadi kesho. Wewe unaniambia hujui?"

Maitu, mama yetu. Alilitamka neno hilo na akakaza taya. Nikaona aibu kumtazama.

"Nipe muda," nilisema. Nilikuwa nimesema kabla ya kujua nitautumiaje muda wenyewe. "Nitaulizia. Nipe tu muda, kaka."

Alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza anagundua kuwa kuna mtu mwingine pale. "Muda gani? Barabara ya kwetu unaijua? Ule ni udongo mweusi. Mvua ikinyesha tena mchana, hata tingatinga haipiti."

Bosi akatazama nje. Wingu lilikuwa limesimama juu ya viwanda, zito, rangi ya risasi.

Nilianza na lililo rahisi, kumpigia dada mtu. Kama angeiuliza benki yake, wangemwambia kama pesa zimetoka. Nambari yake ilikuwa kwenye agizo. Nikapitia kwa opereta, nikangoja, simu ikaita mbali sana, halafu mashine ikapokea. Sauti yake ilikuwa changamfu, ya mtu aliyeirekodi siku nzuri, ikisema hayupo, acha ujumbe. Niliacha nambari ya duka. Kwao ilikuwa alfajiri. Kaka yake alisema kwamba hukesha kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, hurudi asubuhi ya huko, ambayo ni jioni yetu. Kampuni ya malipo nayo ilikuwa imefunga ofisi. Simu yao ilinichezea muziki kisha ikakatika.

Ikabaki maktaba. Toleo jipya lilikuwa na njia ya kuuliza habari za agizo lililopita: unaipa nambari ya agizo, inakuambia liliishia wapi. Ningeliweka toleo hilo kwenye seva yetu, ningeuliza, ningejibiwa. Faili lenyewe halikuhitaji kupitia Thika. Ningeiamuru seva ilichukue moja kwa moja, huko kwa huko. Mimi nilihitaji tu laini itulie nikiandika amri zangu.

Haikutulia. Modemu, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, iliita, ikashika, nikaingia kwenye seva, nikaandika amri ya kwanza, herufi zikaanza kutokea moja moja kama mtu anayezitoa mfukoni. Halafu takataka zikajaa kwenye skrini, na laini ikakatika. Nikapiga tena. Ikakatika. Safari moja nilifika hadi faili likaanza kushuka kwenye seva, nikaanza kutabasamu, ikakatika. Maji yalikuwa bado kwenye nyaya chini ya ardhi. Hata ukiinua simu ya kawaida ulisikia mchirizo kama wa mafuta kwenye kikaango.

Yule kaka alikuwa amekuja kusimama mlangoni pa kijichumba. Alitazama skrini, akanitazama mimi, akatazama skrini.

"Ruiru," nilimwambia bosi nilipotoka. "Rafiki yangu niliyesoma naye chuo anafanya kazi ofisi ya shamba la maua huko. Wana laini mpya, na wana simu mbili. Nikiwa pale naweza kumaliza."

"Kama saa ngapi? Saa nane? Saa tisa?"

"Sijui."

Bosi alifumba macho kidogo. Neno hilo nadhani lilikuwa limemtosha kwa siku moja. "Nenda," alisema. "Ukipata jibu, lolote, piga simu hapa kwanza. Kabla ya kumwambia mtu mwingine."

Nilipopita karibu na yule kaka alinishika mkono juu ya kiwiko, si kwa nguvu. "Msichana," alisema, "dada yangu si mwongo."

"Najua."

Lakini sikujua. Hilo ndilo lililonikereketa njia nzima mpaka Ruiru. Nilijua mwanamke fulani alikuwa ameandika maneno fulani, basi.

Rafiki yangu alinipokea getini, akanisainia kwa mlinzi, akanipitisha nyuma ya ukumbi wa kupangia maua. Akina mama waliovaa makoti mazito na glavu walikuwa wakipanga waridi kwenye maboksi, na baridi ya mle ndani ilinishika hadi mifupani. Ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye dirisha linaloangalia ukumbi.

"Meneja yuko huko mashambani," rafiki yangu alisema akivuta kiti. "Akirudi ataitaka kompyuta, anangoja bei za mnada wa maua. Ukisikia pikipiki yake, toka haraka. Haki, utaniponza."

"Na simu?"

"Ile nyeusi ni ya modemu. Hii nyeupe unaweza kupiga. Lakini ng'ambo, weh! Ongea kidogo."

Laini ilikuwa safi. Niliingia kwenye seva mara ya kwanza, na herufi zilikimbia. Nikaiamuru ilichukue toleo jipya, likashuka lote. Nikalifungua, nikaanza kulijenga, maana maktaba za siku hizo zilikuja kama mbao, ukazipigilia mwenyewe. Mistari ikapanda, ikapanda, halafu ikasimama. Kosa. Mashine ililalamika kwamba haioni kipande fulani ambacho toleo jipya lilikitegemea.

Nikahisi jasho mgongoni mle kwenye baridi. Kipande hicho kilipatikana wapi? Maelezo yalitaja jina lake tu. Nikakitafuta kwenye seva yenyewe, saraka moja baada ya nyingine, nikakikuta kimewekwa mahali pasipo pa kawaida. Nikaionyesha mashine njia. Nikaanza upya. Mistari ikapanda tena. Nje kitu kilinguruma, nikageuka haraka, haikuwa pikipiki. Ilikuwa radi.

"Imeanza kunyesha upande wa Juja," rafiki yangu alisema kutoka dirishani.

Juja ndiko njia ya Theta.

Maktaba ikajengeka. Nikairekebisha programu yangu, kwa kuwa toleo jipya lilitaka habari zilezile kwa mpangilio tofauti, na kosa dogo la mpangilio lingepeleka jina pa anwani na anwani pa kadi. Nilisoma kila mstari nikiugusa kwa kidole. Kisha nikajaribu kwa kadi ya majaribio, ile ambayo kampuni huwapa waandishi wa programu na haina pesa ndani yake. Nikabonyeza. Nikangoja.

Ndiyo.

Sikushangilia. Niliandika nambari ya agizo la yule mwanamke na swali langu: hili liliishia wapi? Nilikuwa nimejishika ukingo wa meza. Jibu lilikuja upesi kuliko nilivyotaka.

*Limepokewa. Halikutekelezwa. Toleo la zamani.*

Nilisoma mara mbili. Walikuwa wamelipokea ombi, wakalikataa kwa sababu ya maktaba ya zamani, na kadi haikuguswa. Dada mtu alikuwa amelipa kwa kadiri alivyojua yeye. Na duka halikuwa limelipwa. Wote wawili walikuwa wakweli, na saruji ilikuwa bado stoo Thika.

Bosi alikuwa amesema nimpigie kwanza. Nilishika ile simu nyeupe, nikaanza kubonyeza nambari za duka, nikasita. Nikimwambia hapana, gari halitatoka, na yule kaka atageuka na kofia yake kifuani. Saa ilikuwa imefika kumi. Kule kwao dada mtu ilikuwa asubuhi, watu wanatoka zamu ya usiku. Nikakata, nikaomba opereta.

"Unampigia nani?" rafiki yangu akauliza.

"Mwenyewe."

Iliita kwa muda mrefu. Nilikuwa nasubiri tena ile sauti changamfu ya mashine, lakini mtu aliinua, akihema.

"Hello?"

Nikajitambulisha kwa Kiswahili, kutoka duka la Thika. Akasema, "Ngai, Mungu wangu. Ngoja. Ngoja nifunge mlango, ndio naingia." Nikasikia mlango, na kitu kikianguka sakafuni. "Vitu vimefika?"

Hakuna njia laini ya kulisema. "Havijatoka dukani, dada. Malipo hayakupita. Si kosa lako. Mitambo ilibadilishwa wiki hii, na sisi simu zetu zilikuwa zimekufa."

"Nilibonyeza. Kile kitu kikaniambia nisijaribu tena. Nikataka kujaribu tena, nikaogopa." Alikuwa anaongea haraka sasa. "Nilienda kazini hivyo. Usiku kucha nawageuza wazee wa watu kitandani, nawaza, je, kama haikuingia? Je, nikilipa tena ikaingia mara mbili nami sina nyingine? Maitu anazikwa kesho, unaelewa? Mimi siwezi kuja. Nikitoka nchi hii hawaniruhusu kuingia tena. Kitu cha pekee ninachoweza ni hicho."

"Kompyuta yako iko karibu?"

"Ipo jikoni. Lakini inatumia laini hii hii. Nikiiwasha, tutakatika."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Sisi tulikuwa na simu mbili. Yeye alikuwa na moja.

"Basi sikiliza. Ukikata, ingia kwenye ukurasa, jaza upya, bonyeza mara moja. Mara moja tu. Mimi nimeketi hapa naiangalia seva. Nitaona likiingia. Halafu zima kompyuta, nami nitakupigia nikuambie."

"Na kikisema tena hakijui?"

"Hakitasema."

"Unaapa?"

Nilikuwa nimeijaribu kwa kadi isiyo na pesa, basi. "Wallahi," nilisema.

Akakata. Nikaketi nikitazama skrini. Programu yangu ilikuwa na tabia ya kuandika mstari mmoja kila mtu alipogusa ukurasa, na mimi niliukodolea macho mstari wa mwisho usiosonga. Rafiki yangu alikuja kusimama nyuma ya kiti changu. Mvua sasa ilikuwa imefika Ruiru, inapiga mabati ya ukumbi hata kelele za akina mama hazisikiki. Nikawaza kuhusu udongo mweusi. Nikawaza huenda anaandika nambari ya kadi na machozi yamemjaa, akosee tarakimu moja.

Mstari ukatokea. Ameingia. Mwingine: anachagua. Halafu hakuna. Hakuna kitu kwa muda mrefu sana.

"Pikipiki," rafiki yangu alininong'oneza.

Niliisikia. Ilikuwa inakuja polepole kwenye tope, injini inapanda na kushuka. "Bado kidogo."

"Aki, toka."

"Bado kidogo!"

Mstari mwingine: amebonyeza Lipa. Maktaba imeondoka. Pikipiki ikazimwa nje. Nikasikia mtu akipangusa viatu mlangoni, akizungumza na mlinzi kuhusu mvua.

Ndiyo.

Neno dogo, herufi ndogo, pembeni mwa skrini. Niliweka kiganja changu juu yake kana kwamba litaondoka.

Meneja aliingia na maji yakimchuruzika. Aliniona kwenye kiti chake, mkono juu ya kioo cha kompyuta yake, machozi usoni. Alimtazama rafiki yangu. Rafiki yangu akasema, "Ana msiba," na meneja, mtu ambaye kumbe tulimwogopa bure, alisema pole, akaenda kutafuta taulo. Sikukanusha. Nilishika simu nyeupe nikampigia dada mtu. Aliinua kabla haijaita mara ya pili.

"Imepita," nilisema.

Nilisikia akiketi. Halafu aliniuliza, "Huko kunanyesha?"

"Kunanyesha sana."

"Wamefunika kaburi?"

"Sijui, dada. Ngoja nipigie duka. Gari litoke sasa hivi."

Nikabonyeza nambari za Thika. Bosi alipokea.

"Imepita," nilimwambia. "Amelipa upya, nimeona kwa macho yangu. Toa gari. Huenda barabara bado—"

"Gari lilitoka saa saba," alisema.

Nilidhani sijasikia vizuri kwa kelele ya mvua.

"Lilitoka saa saba, beti. Lingengoja jibu lako lingeota mizizi hapa. Dereva amenipigia kutoka Juja, ameshamaliza kushusha, anarudi."

Nikataka kucheka. "Kwa hiyo ulimwamini?"

"Yuko hapa," bosi alisema. "Ameketi kwenye magunia."

"Nani?"

"Kaka mtu. Alisema mwenyewe: peleka vitu, nishike mimi. Nibaki hapa mpaka jibu lije. Nikakubali."

Nilisimama na simu sikioni. Kijijini kwao watu walikuwa wanachanganya simiti na kujenga kaburi la mama yake chini ya turubai, naye mwanawe alikuwa ameketi Thika juu ya magunia ya watu, amewekwa rehani, akingoja neno kutoka kwenye kompyuta asiyoielewa. Tangu saa saba.

"Mwachilie," nilisema. Sauti yangu ilikuwa na hasira nisiyoitarajia. "Mwachilie sasa hivi, mzee."

"Unadhani nimemfunga kamba?" Na yeye alikuwa amekasirika. "Ongea naye."

Yule kaka alishika simu. Nilimwambia imeingia, kila kitu kimekwisha, anaweza kwenda. Nilingoja anitukane, nilikuwa tayari kutukanwa. Badala yake aliuliza, "Umeongea naye? Yeye mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Anaendeleaje?"

"Alikuwa ametoka kazini. Ameuliza kama mmefunika kaburi."

"Mwambie vijana wamefunika," alisema. "Mwambie nimesimamia mwenyewe."

Nilimpigia dada mtu kwa mara ya mwisho, nikamwambia hivyo hivyo, neno kwa neno. Nilijua kwamba si kweli, na sikuona ni kazi yangu kusahihisha.

Baadaye nilisikia kwamba gari lililompeleka lilimshusha kwenye lami, na akatembea kwenye tope mpaka kwao.

Kesho yake bosi alifunga upande mmoja wa duka asubuhi, jambo ambalo hakulifanya hata sikukuu, akaniambia twende. Mvua ilikuwa imekatika. Tuliacha gari mbali, tukamalizia kwa miguu, yeye amekunja suruali, mimi nimeshika kanga yangu isiguse chini. Wakristo walikuwa wakiimba. Nilisimama nyuma na akina mama wengine, na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Baada ya maziko niliona bosi akimwendea yule kaka. Walizungumza kwa Kikuyu, taratibu, bila kutazamana, wote wawili wakiangalia udongo mpya. Sikuweza kuyashika maneno. Yule kaka hakumpa mkono mwanzoni. Mwishoni alimpa.

Njiani tukirudi nilimwuliza bosi kama angefanya vile kwa mtu mwingine, kumweka binadamu pahali pa pesa. Nilikuwa nimelala na swali hilo.

"Ungefanya nini wewe?" aliniuliza. "Ungenyima vitu? Ama ungetoa, kesho waje kumi kila mmoja na msiba wake, nifunge duka?"

Nikasema ningemwamini.

"Wewe ulikuwa Ruiru," alisema. "Mimi nilikuwa naangaliana naye."

Hatukulizungumza tena. Nilifanya kazi pale mpaka mwaka uliofuata, wakati kampuni ya malipo ilipotuandikia kwamba haitawahudumia tena wafanyabiashara wa nchi zetu, bila kueleza sababu. Nikaufuta ukurasa, maktaba nikaiacha hukohuko kwenye seva mpaka kodi yake ikaisha. Mimi nikapata kazi Nairobi.

Jumatatu baada ya maziko nilimwandikia yule mwanamke barua pepe. Sikuwa nimeombwa. Nilimwambia watu walikuwa wengi kiasi gani, nyimbo zilivyoimbwa, wajukuu walivyovaa, na kwamba jua lilitoka kasisi alipokuwa akiomba. Nilimwandikia kila nilichokiona, hata mambo madogo, hata mbwa aliyelala chini ya meza ya chakula. Laini ilikatika mara mbili kabla haijaenda. Alijibu siku hiyohiyo. Mbwa huyo, alisema, ni wa mama.